UZI: Wembe wa kukunja wa Sheffield ulioliwa na kutu, kipini kipya cha mpingo. Hatua kwa hatua

Tupa Msasa (mwenye uzi)

Wakuu salaam.

Kuna wembe umeniangukia mezani, na kwa kuwa humu watu huuliza mara kwa mara nyembe za zamani za kukunja zinafufuliwaje, nimeona nifungue uzi mmoja tumalizane hapa. Nitaweka hatua moja moja kadiri kazi inavyokwenda. Mwenye swali aulize katikati, asisubiri mwisho.

Mwenye wembe ni jamaa wa Ngamiani, hapa hapa Tanga. Babu yake alikuwa kinyozi, akaacha kisanduku chenye brashi iliyonyonyoka, mkasi na wembe huu. Jamaa hauzi, na hataki kuuweka kabatini watu waje kuutazama. Anataka kunyolea ndevu zake. Jibu hilo limenipunguzia mjadala, maana wembe wa kutazamwa una matengenezo yake na wembe wa kupita shingoni una ya kwake.

Kwenye shina, pale kati ya bapa na mkia, pamegongwa mhuri wa Joseph Rodgers & Sons wa Sheffield, Uingereza, pamoja na nyota na msalaba wa Malta, alama waliyopewa 1764. Chini yake kuna maneno yanayosema wao ni mafundi visu wa Malkia. Hapo ndipo umri unapoanza kusomeka: malkia huyo ni Victoria, aliyetawala 1837 hadi 1901. Baada yake mhuri ungesema Mfalme. Neno England halimo. Marekani ilipitisha sheria ya ushuru 1890 iliyotaka kila bidhaa inayoingia kwao ionyeshe nchi ilikotoka, ndiyo maana nyembe nyingi za Sheffield za kuanzia 1891 zina neno hilo. Kukosekana kwake peke yake si ushahidi, si kila wembe ulifungwa kwenda Marekani. Lakini nikitazama na unene wa bapa, nauweka ndani ya karne ya 19 na naishia hapo. Atakayekutajia mwaka kamili kwa kuangalia picha anakupiga kamba.

Upana wa bapa ni sehemu 6 kati ya 8 za inchi, yaani milimita 19. Nyembe hizi hupimwa kwa sehemu za nane mpaka leo, hata za Ujerumani. Mgongo una milimita 5.5. Shikeni namba hizo mbili, zitarudi.

Hali yake: kutu nyekundu pande zote mbili, vishimo karibu na mgongo, makali yamebutuka na yana mapengo madogo mawili kuelekea nchani. Kipini cha pembe kimepasuka kwenye pini na wadudu wamekitafuna.

Mkwakwani

Nimewahi siti ya mbele. Mkuu tuwekee na picha, uzi wa kutu bila picha ni hadithi.

Kamukunji Jua

Salamu kutoka Nairobi. Swali la haraka. Mimi huona nyembe kama hizi kwa wauza vyuma chakavu, zimelala kwa rundo la spana. Nitajuaje hii inafaa kununuliwa na hii niiache?

Tupa Msasa

Kamukunji, kutu isikutishe. Kinachoua wembe ni ufa. Inua bapa kwenye mwanga, pitisha jicho taratibu kwenye makali, ukiwa na lenzi ya fundi saa ndiyo bora. Ufa hata wa milimita moja unaopanda kutoka kwenye makali, rudisha kwenye rundo. Utakua tu, na siku utakapoachia utakuwa shavuni kwako.

Pili, laza bapa juu ya kioo. Makali yakiwa na tumbo kidogo, yaani katikati yametoka nje, ni sawa. Nyembe nyingi za zamani zilizaliwa hivyo. Yakiwa yamebonyea katikati ujue aliyenoa alikandamiza mahali pamoja kwa miaka. Kutibu hilo ni kula chuma kingi kisigino (mwisho wa makali upande wa shina) na nchani, na mara nyingi halilipi.

Tatu, mgongo. Angalia ule ubapa uliochongwa na jiwe kila upande. Ukiwa mpana upande mmoja na mwembamba upande wa pili, makali yatakuwa yamevutwa kando.

Vishimo vya kutu vikiwa katikati ya bapa au mgongoni, achana navyo. Vikiwa kwenye makali yenyewe, hesabu ni milimita ngapi utapaswa kula mpaka ufike kwenye chuma safi.

Kioo Kioo

Wakuu mnazunguka sana. Hapa mtaani kuna jamaa ana grenda yenye gurudumu la kitambaa na dawa ya kung'arishia. Dakika tano unajiona uso mzima. Msasa wa mkono wa nini karne hii?

Fundi Bawaba

Kioo Kioo, mimi nilipeleka wangu kwa mtu wa namna hiyo. Ulirudi unang'aa kama sahani ya harusi. Nikanoa, nikanyoa mara moja, mara ya pili haukukata kitu. Kumbe karibu na ncha palikuwa pamepata moto, makali yanajikunja kama bati. Nilipouangalia vizuri pale pana kivuli cha buluu.

Tupa Msasa

Bawaba amejibu vizuri, naongeza sababu tu.

Chuma cha wembe wa zamani ni chuma cha pua chenye kaboni nyingi, si kile kisichoshika kutu. Sheffield ilipata jina kwa chuma kilichoyeyushwa chunguni, mbinu aliyoianzisha Benjamin Huntsman, fundi saa, miaka ya 1740, kwa kuwa alitaka chuma kisicho na taka kwa ajili ya springi za saa. Mhunzi akishafua bapa alilipasha mpaka likawa jekundu, akalizamisha, kisha akalipasha tena kwa joto dogo ili ukali ubaki bila bapa kuvunjika kama chupa. Joto hilo la pili ndilo siri ya wembe. Ukilipita unaanza kulegeza chuma. Kwenye nyuzi 200 na ushei inatokea rangi ya manjano ya nyasi kavu, ukifika karibu 300 inakuja buluu. Makali ni membamba kuliko karatasi, hayana mahali pa kupeleka joto, kwa hiyo gurudumu linayachoma kabla kidole chako hakijahisi kitu. Ukishaona buluu, chuma hicho kimerudi kuwa cha kisu cha kupakia siagi.

Mkono haufiki joto hilo. Basi.

Sasa kazi. Kutoa pini kwanza. Usijaribu kupekecha bapa litoke wala kupanua kipini kwa bisibisi. Nimesaga kichwa cha pini kwa tupa ndogo mpaka kikawa sawa na kipini, nikakigonga alama katikati, nikatoboa kwa kekee ya milimita 1.5, kisha nikasukuma kilichobaki kwa msumari uliokatwa ncha. Vibapa vyote viwili vya kipini nimevihifadhi hata kama vimeoza, ndivyo ramani ya vipya.

Angalizo kwa mafundi: kwenye mkia wa kipini kuna kabari inayotenganisha vibapa viwili, na kwenye nyembe nyingi za Sheffield za zamani kabari hiyo ni ya madini ya risasi. Ya wembe huu nayo ni risasi. Usiisage kwa msasa mkavu ukavuta vumbi, usiiachie watoto, osha mikono kabla ya kula. Nimeitoa nzima nikaifunga kwenye mfuko.

Bapa limelala usiku kucha kwenye mafuta ya taa, asubuhi nikalikwangua kwa ukucha wa pembe ya ng'ombe. Kutu nyekundu imetoka kwa wingi. Nyeusi imebaki na haina neno. Nyekundu ndiyo inayoendelea kula chuma, nyeusi imeshatulia. Siki sijatumia. Inatoa kutu haraka kweli, ila inauma hata chuma kizima na kukiacha na rangi ya jivu, na ukiisahau inapanua vishimo.

Baada ya hapo ni msasa wa maji, ule wa mafundi rangi za magari. Nimeanza na namba 600, nikaenda 800, 1000, nikaishia 2000 (namba ikipanda msasa unakuwa laini zaidi, na vinoo hivyo hivyo), nikiuzungushia kipande cha kizibo. Bapa linalazwa kwenye ubao bapa, makali yakiwa yamekaa juu ya ubao wala hayaning'inii nje, na mkono unatoka mgongoni kwenda kwenye makali, kamwe si kinyume. Mistari ya mwanzo ya kiwandani ilikwenda hivyo hivyo, kwa hiyo na macho hayasumbuki. Shina lenye mhuri halijaguswa na msasa hata mara moja. Hapo ni Brasso na kitambaa, kwisha.

Kioo Kioo

Sawa nimekubali grenda hapana. Lakini huo msasa wa 600 umeacha vishimo, naviona kwenye picha. Ungeanza na 220 ungevimaliza. Kazi nusu hiyo mkuu.

Tupa Msasa

Nimeviacha kwa makusudi, ngoja nikuonyeshe kwa namba.

Wembe huu hauna kifaa cha kuupimia pembe ya kunolea. Mgongo wake wenyewe ndio kipimo. Unalaza mgongo na makali kwa pamoja kwenye kinoo, na unene wa mgongo ukilinganishwa na upana wa bapa ndio unaotoa pembe. Kwa milimita 5.5 na 19, makali yanatoka na pembe ya takriban nyuzi 16 na nusu. Ni pembe nzuri. Sasa shimo likiwa na kina cha robo milimita, kulimaliza maana yake ni kushusha uso mzima wa upande huo mpaka chini ya shimo. Ukifanya hivyo pande zote mbili, mgongo unabaki milimita 5 na pembe inashuka mpaka 15. Makali yanakuwa membamba kuliko alivyokusudia mhunzi, hayakai, yanamong'onyoka. Na mhuri hapo umeshakwenda na maji.

Kipini nitakitengeneza hata mara kumi. Chuma kilichotoka hakirudi. Kwa hiyo mimi kwenye mbao nina mkono wa kutoa, kwenye bapa nina ubahili, na sioni haya.

Kisiwa Ndui

Mkuu, hapo kwenye kipini mimi nilidhani nyembe za kifalme namna hiyo zilikuwa na pembe za ndovu. Kwa nini usitafute ukaurudishia hadhi yake?

Tupa Msasa

Kwanza huu haukuwa nazo, ulikuwa na pembe ya kawaida iliyochemshwa na kunyooshwa. Ndivyo zilivyokuwa nyingi, pembe za ndovu zilikuwa za wenye nazo.

Pili, kutafuta pembe za ndovu leo ni kutafuta pingu. Biashara ya kimataifa ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, wa 1989, mwaka ule ule ambao mwezi Julai Kenya ilichoma tani 12 hadharani, Rais Moi akiwasha moto mwenyewe.

Kisiwa Ndui

Sikuwa na nia ya kununua, nilikuwa naulizia historia. Maana huku kwetu Unguja historia hiyo haituachi. Karne ya 19 soko kubwa la pembe za ndovu lilikuwa hapa. Misafara ya akina Tippu Tip ilizishusha kutoka Ujiji na Tabora mpaka pwani, wapagazi wakibeba mabegani, na wengi wao hawakubeba kwa hiari. Zikipanda meli ziliishia kwenye piano za Marekani na vipini vya visu vya Sheffield. Huyo Rodgers wako ni mmoja wa waliojulikana kwa ghala kubwa la pembe. Ndiyo nikasema pengine wembe umerudi ulikotoka mzigo.

Tupa Msasa

Shukrani Kisiwa, hiyo nimeipenda. Ndiyo maana pia sitaki vibapa vya plastiki vilivyotiwa mistari vifanane na pembe za ndovu, vinauzwa sana mitandaoni. Kipini kipya kisijifanye cha zamani. Nimeamua mpingo, na kabari ya pembe ya ng'ombe nyeupe ili mtu yeyote aone kwamba hapa pameingia mkono mwingine.

Msitu wa Kilwa

Hapo kwenye mpingo umenigusa, nimezaliwa nao. Umeupata wapi? Uwe wa halali mkuu.

Kwa wasiojua: mpingo unakua polepole mno, kupata mti wa kuvunwa ni miaka 70 na kuendelea. Sehemu nyeusi ni moyo tu, nje kuna ganda la rangi ya krimu ambalo wachongaji wengi hulitupa. Wazungu wanaufuata huku kwa ajili ya klarineti na obo. Kilwa kuna vijiji vinavyosimamia misitu yao na mwaka 2009 vilipata cheti cha FSC, cha kimataifa cha misitu inayosimamiwa vizuri, kwa hiyo mpingo wenye karatasi upo, usidanganywe na mtu kwamba haiwezekani.

Tupa Msasa

Wangu ni masalia kutoka kwa mchonga vinyago wa Mwenge, Dar. Wale wakimaliza kinyago hubaki na vipande vya kiganja ambavyo kwao ni kuni, kwangu ni vipini vinne. Mzee alinichagulia kimoja kilichokaa kivulini muda mrefu. Mpingo mbichi ukiukata mwembamba unapasuka wenyewe mezani ukiutazama.

Hatua za kipini ni hizi, na hapa sitafupisha maana ndipo wengi wanapokwama.

Nimepasua vibapa viwili vya unene wa milimita 3, urefu sentimita 15. Msumeno wa chuma wenye meno madogo ndio unaofaa, wa mbao unararua. Nimevibandika pamoja kwa gundi nyepesi nikiweka karatasi katikati, ili nitakapomaliza nivitenganishe kwa kisu bila vita. Kipini cha zamani nimekilaza juu nikachora mzunguko wake. Tundu la pini ya bapa na tundu la pini ya kabari nimeyatoboa vikiwa bado vimeshikana. Ukitoboa kimoja kimoja hayatalingana, na bapa litaingia kwa upogo maisha yake yote.

Kisha jiliwa, tupa, na subira. Umbo lote linatoka kwa tupa, msasa ni wa mwisho. Mpingo haupendi haraka, unachoma tupa na unatoa harufu, na vumbi lake lina balaa: linawasha ngozi, linabana kifua. Barakoa si urembo hapo. Kuna watu mwili unaukataa kabisa na wanaacha kuuchonga.

Vikishalingana nimevitenganisha, nikavipunguza kwa ndani kuelekea katikati mpaka milimita 2 na nusu ili viwe na mnyumbuko kidogo. Kipini cha wembe kinatakiwa kihema. Vibapa vikiwa vigumu kama rula, bapa litakuwa ama limekazwa mno ama linachezacheza.

Kabari ndiyo akili ya kipini. Inakuwa nene upande wa mkia, nyembamba upande wa bapa, mteremko mdogo tu. Mteremko huo ndio unaovifanya vibapa vikae na mkunjo kidogo na kulibana shina kwa kiasi. Nimechonga ya pembe ya ng'ombe kutoka machinjioni, nikaikausha jua la asubuhi. Kabla ya pini ya mwisho unashikilia kila kitu kwa pini za muda na kufunga wembe: bapa lishuke katikati, lisiguse ukuta wowote, na makali yasifike chini yakagonga. Likiegemea upande mmoja, dawa ni kusugua uso mmoja wa kabari kidogo kidogo. Usikunje bapa, usikunje pini.

Mpingo haukuhitaji vanishi. Una mafuta yake. Msasa mpaka 2000, halafu kitambaa kikavu na nta ya nyuki kiduchu, unang'aa kwa ndani. Kama unabandika kabari kwa epoksi, futa kwanza kwa asetoni, la sivyo yale mafuta yanaikataa gundi.

Kamukunji Jua

Hii imeweza. Na pini unatumia waya gani? Huku nimepata msumari tu na ni ngumu kama dhambi.

Tupa Msasa

Msumari hapana. Nenda kwa wachomeleaji wa gesi, waulize fito za shaba ya njano za kuchomelea, nyembamba zaidi, milimita 1.6. Fito moja inatosha vipini vingi. Viosha vidogo (vile vijiduara vinavyokaa chini ya kichwa cha pini) nimekata kwenye bamba la shaba hiyo hiyo.

Acha pini itokeze kama milimita moja kila upande, weka juu ya chuma kizito, gonga kwa nyundo ndogo yenye kichwa cha duara. Si kugonga, ni kudonoa. Makofi mepesi mengi kuzunguka ukingo, geuza, rudia. Kichwa kinafunguka polepole kama uyoga. Ukipiga kwa nguvu pini inapinda ndani ya tundu na mpingo unapasuka kwenye nyuzi zake, kilio. Kila makofi machache fungua na ufunge wembe uhisi. Ukiushika mkia ukautikisa taratibu na bapa halidondoki, umefika.

Bibi Zahanati

Nimesoma uzi wote kimya, naomba niseme moja kama muuguzi. Wembe huu uwe wa mtu mmoja. Msije mkaufanya wa kibandani kwa wateja kwa sababu ni mzuri. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili siku 7 au zaidi, na jeraha la kinyozi halihitaji kuonekana kwa macho. Kuufuta kwa spiriti kwa sekunde mbili si kuua vijidudu. Kinyozi wa wateja atumie ule wa kuweka kiwembe kipya kwa kila kichwa.

Tupa Msasa

Asante bibi. Jamaa ana ndevu moja na shingo moja, tumeelewana.

Kuna ndugu ameniuliza inboksi, najibu hapa maana linawahusu wengi. Wembe wake ni wa Solingen, Ujerumani, kipini cha rangi ya gamba la kasa, ameusafisha na kutu inarudi sehemu ile ile inayolala ndani ya kipini. Ndugu, hicho kipini ni seluloidi, plastiki ya zamani. Ikizeeka inaoza yenyewe na kutoa mvuke wenye asidi, unakula bapa kutoka ndani. Kunusa utapata harufu kali kidogo kama kafuri. Toa kipini hicho leo, usikihifadhi pamoja na nyembe nyingine, na usikisogeze kwenye moto hata kwa mzaha, kinashika kama petroli.

Sasa kunoa. Nimefunga utepe wa umeme mgongoni ili kinoo kisiule, na ninaubadilisha ukichoka. Kinoo cha 1000 ndicho kinachofanya kazi yote ya maana. Hapo ndipo mapengo yanaisha na pande mbili zinakutana. Vinavyofuata vinalainisha tu mikwaruzo ya kilichotangulia: 4000, 8000, halafu 12000. Usihame 1000 mpaka kila sehemu ya makali, kisigino mpaka ncha, inyoe nywele za mkononi. Mtu anayekimbilia kinoo laini anang'arisha ububutu.

Kwenye jiwe makali yanatangulia. Bila kukandamiza, uzito wa bapa unatosha. Kwa kuwa makali haya yana tumbo, kinoo bapa hakiwezi kuyagusa yote kwa pamoja, kwa hiyo mkono unakwenda kwa mshazari: unaanza kisigino kikiwa juu ya jiwe na unamaliza nchani huku bapa likitelezea kando.

Vinoo laini hapa Tanga hakuna, na vya kuagiza vina bei. Njia ya mnyonge ni karatasi za kunolea zenye chembe za mikroni 3 na mikroni 1 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), unazibandika kwa maji juu ya kipande cha kioo kinene. Zinafanya kazi vizuri na sioni sababu ya kuona aibu. Wabelgiji wana jiwe lao la manjano kutoka milima ya Ardennes, limejaa chembe za garneti, watu wanaliimba. Ni zuri. Ila ndevu hazijui jiwe limetoka wapi.

Mwisho ni ngozi. Fundi viatu amenikatia mkanda wa ng'ombe wa upana wa sentimita 7, uso laini. Hapa mwendo ni kinyume cha jiwe, mgongo unatangulia na makali yanafuata nyuma. Ukisahau ukaenda mbele unakata ngozi na kuharibu makali kwa mpigo mmoja. Ukifika mwisho geuzia juu ya mgongo, kamwe si juu ya makali.

Mkwakwani

Mwenzako akinyolewa wewe tia maji. Mimi kidevu kimeshalowa toka jana, leteni majibu.

Tupa Msasa

Jamaa amenyoa jana, mbele yangu. Maji ya moto, povu zito, ngozi imevutwa kwa vidole, bapa limeinuliwa nyuzi kama 30 kutoka kwenye shavu, mkono mfupi mfupi kufuata nywele zinakolala. Mashavu yote mawili safi. Chini ya kidevu nilimwambia aache kwanza, ashike mkono kwa wiki kadhaa ndipo ashuke shingoni. Hakunisikiliza, akajichana kidogo, akafurahi hivyo hivyo.

Maskati Kwetu

Kazi safi fundi. Mimi nipo Muscat, nina wembe wa namna hii wa marehemu baba, nataka vibapa vya mpingo tu, bapa nitasafisha mwenyewe. Mpingo unaruhusiwa kusafiri? Nasikia umewekewa vikwazo.

Tupa Msasa

Mpingo na karibu jamii yake yote uko kwenye orodha ya pili ya CITES tangu Januari 2017. Lakini masharti yalilegezwa 2019 kwa bidhaa zilizokamilika, mzigo ukiwa na mbao hiyo isiyozidi kilo 10. Vibapa viwili havifiki hata gramu 30. Tatizo ni kwamba kinachoitwa bidhaa iliyokamilika kwa afisa wa posta ni uamuzi wa afisa wa posta, na vibapa vilivyotobolewa bila bapa vinaweza kuonekana ni mbao. Uliza ofisi ya misitu na forodha ya huko kabla hatujaanza, na nitakupa risiti ya mchongaji. Nitumie vipimo: urefu wa bapa kutoka kwenye tundu la pini mpaka ncha, upana wake, na unene wa shina pale kwenye tundu. Bila unene wa shina siwezi kuchonga kabari.

Na hali ya hewa yenu ni kama yetu, chumvi na jasho. Ukishanyoa kausha bapa, lipitishe kwenye ngozi, kisha tone moja la mafuta ya cherehani kwenye bapa na moja kwenye pini. Usiufungie bafuni, na usiuweke kwenye ala ya ngozi muda mrefu, ngozi inashika unyevu.

Maskati Kwetu

Vipimo nakutumia kesho inshallah. Kabari nitaomba iwe nyeusi vilevile, si nyeupe.

Tupa Msasa

Ya kwako itakuwa nyeusi. Pembe ya mbuzi inatoa nyeusi nzuri, ninayo.